Uliza Tarehe ya Malipo Kabla ya Bei: Wakulima Wadogo na Chakula cha Msaada

Kwa misimu kadhaa nimekuwa mratibu wa kikundi cha wakulima wadogo kinachouza nafaka na mboga kwa mpango wa kugawa chakula kwa kaya zenye njaa, na ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuanzisha jambo kama hili ni kwamba aulize tarehe ya malipo kabla ya kuuliza bei. Sisi hatukuuliza. Tulifurahia bei iliyoandikwa kwenye mkataba, tukapeleka magunia, kisha tukasubiri miezi miwili ankara yetu ikihama kutoka meza hadi meza. Mwenye ekari moja hana subira hiyo, kwa kuwa fedha ya mavuno ndiyo ada ya shule na ndiyo mbegu ya msimu unaofuata. Ulipofika mzigo wa pili, nusu ya wanachama walikuwa wamekwisha kumuuzia mlanguzi, aliyewapa bei ya chini lakini papo hapo, na kwa kweli siwezi kuwalaumu.

Siku hizi tunataka mkataba utamke kwamba sehemu ya fedha italipwa siku mzigo unapopokewa. Mpango usipoweza, kikundi kikope kwenye chama cha akiba na mikopo kwa dhamana ya mkataba huo, kimlipe mwanachama kwanza.

Ubora nao ulitufunza kwa aibu. Mpokeaji alichoma bambo kwenye gunia la nne, akamimina punje kiganjani, akaitafuna moja, kisha akazitia nyingine kwenye kipima unyevu. Mzigo mzima ukarudishwa kwa sababu ya magunia sita yaliyofungwa kabla nafaka haijakauka. Nilikasirika sana, ingawa alikuwa sahihi: nafaka yenye unyevu huota kuvu, sumu ya kuvu hiyo, yaani sumukuvu, haiondoki kwa kupikwa, na mlaji wake huenda ni mtoto aliyekwisha kudhoofika. Tangu hapo tunapima nyumbani kwa kila mkulima kabla ya kuchanganya, na kila gunia lina namba ya mwenyewe.

Kikwazo kingine ni zabuni, ambayo kwa kawaida hudai tani nyingi kwa mkupuo mmoja na hivyo kumpendelea mfanyabiashara mkubwa. Katika hili, nchi ya Brazili ni mfano wa kuwapelekea watunga sera: sheria yake ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shuleni zinunue mazao ya wakulima wa familia, tena ikaruhusu ununuzi huo ufanyike bila zabuni, mradi bei ilingane na ya soko. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nalo lilianza mwaka 2008 kufanya majaribio ya kununua kwa wakulima wadogo katika nchi 20, hasa kupitia vyama vyao.

Kuhusu mboga nitasema kidogo tu: kubalianeni siku za kuchuma kabla ya kupanda, la sivyo zitaozea njiani.

Mwisho, msiahidi mavuno yote. Msimu uliopita tuliahidi theluthi mbili tu, na iliyobaki kila mtu akaihifadhi ghalani kwake, maana wapo miongoni mwetu ambao, miezi ya mwisho kabla ya mavuno, majina yao yamo kwenye orodha ileile ya wanaopokea msaada.