Feni mbili za rejeta na swichi ya kuzizima mtoni

Kaka, umeuliza kama umeme wa feni mbili upite kwenye swichi ya dashibodi. Hapana, itayeyuka, mimi nilinusa plastiki kabla sijaona moshi. Kila feni ipe fyuzi yake na rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Miguu ya rilei ina namba: mguu 30 utoke kwenye betri kupitia fyuzi, 87 uende kwenye feni, 86 upate umeme funguo ikiwashwa. Miguu 85 yote miwili iunge kwenye swichi ya hatua tatu: upande mmoja sensa ya joto inayogusisha bodi ya gari (yaani hasi) injini ikipata moto, upande wa pili bodi moja kwa moja, katikati imezimwa. Hiyo ya katikati ni ya kuvukia mto, maana panga zikizunguka majini hupinda mbele zikakwangua rejeta. Ukishavuka, rudisha swichi upande wa sensa mara moja! Weka taa nyekundu ikukumbushe.