"Sisi tusali, wewe utoe"

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa jumuiya.

Wiki iliyopita mmoja wenu aliniandikia maneno ambayo nimezunguka nayo shifti tatu za usiku: "Dada, tugawane kazi. Sisi huku Malindi tusali, wewe huko Uingereza utoe." Najua hakuwa na nia mbaya. Tulikuwa tukimzungumzia mama wa Ganda, hapo karibu na Malindi, ambaye mwanawe amelazwa, na wengi mlishaandika Amina. Nataka kumjibu kwa ukweli, na kwa kuwa ukweli wenyewe una pesa ndani yake, nianze na pesa.

Nafanya kazi katika nyumba ya wazee mjini Leeds. Nawaogesha, nawageuza kitandani wasipate vidonda, nawalisha uji kwa kijiko. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara hapa kilipanda kuwa pauni 12.21 kwa saa, na hicho ndicho nilicholipwa. Ikishakatwa kodi, bima ya taifa na akiba ya uzeeni, kwa mwezi ilikuwa ikiniingilia kama pauni 1,650. Mkizidisha kwa shilingi 170 mnapata laki mbili na themanini, na hapo ndipo wengi wenu mnapoachia hesabu. Endeleeni. Chumba kimoja, jiko na choo tukitumia watu wanne, pauni 560. Nauli za basi, chakula, nguo za baridi. Deni la ajenti aliyenileta, ambalo bado nalilipa. Karo na matumizi ya mwanangu, aliye kwa mama hapo Maweni kwa sababu sisi wahudumu wa wazee tulioomba viza baada ya Machi 2024 haturuhusiwi kuja na watoto. Kinachobaki hakiwezi kuwa mfuko wa jumuiya nzima.

Lakini hata ningekuwa tajiri, mgawanyo huo nisingeukubali. Nimeshauishi, na nikaujutia.

Mnamkumbuka nyanya aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi karibu na stendi. Alipopatikana na uvimbe kwenye titi, alipangiwa tarehe za kwenda hospitali kubwa ya Mombasa. Kila Alhamisi jina lake lilitajwa katika jumuiya, nami huku ndani ya basi la alfajiri, vidole vimekufa ganzi, nikaandika: "Bwana amfungulie njia." Niliandika hivyo wiki tano. Wiki ya sita mama alikwenda kumjulia hali, akamkuta kaketi kwenye kigoda mlangoni, kadi ya kliniki kaifunga kwenye pindo la leso, na tarehe mbili zimeshampita. Imani hakuikosa. Alikosa nauli, yake na ya mjukuu wa kumsindikiza. Njia niliyokuwa nikimwomba Bwana aifungue ilikuwa ile lami ya Malindi hadi Mombasa, kilomita kama 120, na matatu zinapita humo kutwa kucha.

Sikuwa nimeuliza. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Tuliogopa kuuliza kwa sababu anayeuliza hujitia kwenye gharama, na Amina haikutugharimu chochote. Tarehe ya tatu alikwenda, namshukuru Mungu, na matibabu yanaendelea. Ila zile wiki alizopoteza hakuna wa kumrudishia, na mimi nilizipoteza pamoja naye nikidhani namwombea.

Sura ya pili ya Yakobo niliwahi kuisoma mimi mwenyewe mbele ya kanisa, nimevaa gauni langu la Jumapili: ukimwambia ndugu aliyepungukiwa na riziki aende kwa amani, akaote moto na kushiba, wala usimpe mahitaji ya mwili, yamfaa nini? Nikarudi kiti changu nikakaa. Maneno hayo yalinifikia miaka mingi baadaye, kwa njia ya kadi ile ya kliniki.

Tangu siku hiyo siandiki Amina kabla sijauliza: kinapungua nini? Kila mwezi natenga pauni 40 kabla sijagusa mshahara, na hizo nimeziita pesa za maombi. Si nyingi. Ni kama shilingi 6,800. Zikiisha nasema zimeisha, na naendelea kusali. Lakini sala yangu imebadilika, na hili ndilo nililotaka mlielewe kuliko yote. Nikishatuma nauli, siwezi tena kusali juujuu. Namjua msafiri ni nani, anaondoka saa ngapi, anamwona daktari gani. Naomba gari lifike salama, naomba mguu wake usivimbe njiani, na jioni napiga simu kuuliza. Mtakatifu Agostino alifundisha kwamba sala ikipewa mabawa mawili, kufunga na kutoa, huruka hadi kwa Mungu. Na yule Kornelio wa Matendo sura ya 10, malaika alimwambia kwamba sala zake na sadaka zake zimefika juu. Zilipanda pamoja. Hakuambiwa achague moja ampe jirani nyingine.

Najua wengine mnaogopa neno kutoa. Tumeona wahubiri wanaotaka watu wapande mbegu mpaka wauze mbuzi. Na msitu wa Shakahola hauko mbali nasi. Mwaka 2023 miili ilikuwa ikiletwa mochari hapo hapo Malindi, ikapita 400, na wengi wao walikuwa wameambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wamwone Yesu. Siwalaumu mkiwa na woga. Kwa sababu hiyo hiyo sadaka ninayoisema haipitii kwa mhubiri yeyote. Dawa nalipia kwenye duka la dawa, karo nalipia kwenye akaunti ya shule, nauli inakwenda kwenye simu ya msafiri mwenyewe.

Mimi pia nimepokea. Desemba yangu ya kwanza hapa nilikuwa nakwenda Misa na sweta mbili na khanga kichwani. Mama mmoja wa parokia, mzee, mwenyewe anatembelea fimbo, alinishika mkono akasema atanisalia. Jumapili iliyofuata alikuja na koti lake la sufu, rangi ya kahawia, mikono mirefu ikanifunika vidole. Mfukoni alitia kadi ya basi ya wiki nzima. Anaishi kwa pensheni. Koti hilo nalivaa hadi leo, na kila nikilivaa najua kuna aliyenisalia.

Kwa hiyo msiniambie kwamba ninyi huko hamna cha kutoa. Kati yenu kuna mwenye tuktuk, na Ganda si mbali. Kuna anayejua kusoma karatasi za bima, na yule mama hajui. Kuna mwenye mnazi uani, kuna kijana anayeweza kumtekea maji wakati yeye yuko wodini. Kuna wa kukaa na mgonjwa usiku mmoja ili mama alale, na hilo mimi siwezi kulituma kwa simu hata nikiwa na mamilioni. Nami nisaidieni kitu kimoja: msinisalie tu nipate kazi nzuri zaidi. Mwanangu akipita mlangoni kwenu akitoka shule, mwiteni, mwulizeni kama amekula.

Alhamisi mkikutana, kabla hamjawasha mshumaa, mpigieni yule mama wa Ganda mkiwa wote mnasikia, mmuulize kinapungua nini, kisha mniandikie alivyosema. Mwezi huu zimenibakia pauni 15. Ijumaa niko zamu ya mchana, lakini saa saba nina mapumziko, nitazituma hapo.