Bumu Limeingia, Twende Wapi? Maswali Yenu ya Bata, Msosi na Nauli ya Kurudia

Haya wadogo zangu, meseji zimekua nyingi tangu chuo kifungue na nusu yake zinauliza kitu kile kile, kwahiyo nimechomoa chache nizijibu hapa kwa pamoja. Kwa wageni: mimi nimesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka mitatu, mwaka mmoja nikakaa Mabibo hosteli alafu nikahamia geto Msewe, na Dar sijatoka mpaka leo. Sio mtaalamu wa chochote ila nimepotea kwenye hili jiji mara nyingi kuliko wengi wenu.

Kaka, bumu limeingia juzi tu na laki na nusu sielewi imeenda wapi. Wewe ulikua unatenga shingapi za bata? (Wa Mabibo, mwaka wa kwanza)

Pole, tulipita wote hapo. Bodi ya Mikopo inakuhesabia elfu kumi kwa siku, zamani ilikua 8,500 ndo wakaipandisha, na inakuja ya miezi miwili kwa mkupuo, yaani laki sita. Sasa mtu ambae hajawahi kushika laki sita maishani mwake anakua tajiri kwa siku kumi, alafu hizo hamsini zilizobaki anazunguka vyumba vya watu saa ya kula akijifanya anaulizia asaimenti. Mimi nilikua nalihamisha lote kwa dada yangu anaekaa Tabata, ananirushia kila Jumatatu, na makato ya kutuma nilikua nayalipa kwa roho safi kabisa maana bila hivo nilikua sifiki wiki ya nne.

Bata nilitenga msimbazi mmoja kwa wiki, ukiisha umeisha. Ila nikwambie kitu ambacho kilinichukua muhula mzima kukijua, hapa Dar kinachomaliza hela sio chakula wala kiingilio, ni kurudi. Unatoka na elfu sita, unakula, unacheka, unaangalia simu ni saa tano usiku, daladala zimebaki za kubahatisha, unaita Bolt ya elfu kumi na mbili ambayo hukuipanga. Fanya hivo mara mbili kwa wiki uone. Kwahiyo kabla hujauliza kule tunakoenda kuna nini, uliza tunarudije na saa ngapi. Naamini hiyo laki na nusu yako iko barabarani.

Kafeteria nimeichoka na mama ntilie naogopa tumbo. Nile wapi kwa buku mbili nishibe? (Binti wa Njombe)

Mdogo wangu, wewe umetoka kwenye viazi na parachichi za ukweli kwahiyo naelewa mshtuko wako. Mama ntilie usimuogope, muogope mama ntilie asiekua na wateja. Angalia wanakula kina nani. Ukiona bodaboda na mafundi wamejaa kwenye benchi, sahani zinatoka moja baada ya nyingine, kaa hapo, maana hao watu wanafanya kazi ngumu na hawana mda wa kuumwa tumbo. Alafu nenda saa sita na nusu wakati sufuria ndo kwanza limefunuliwa, sio saa tisa unakuja kukombelezea. Wali maharage na mboga za majani kwa buku mbili maeneo ya Msewe na Changanyikeni nilikua napata, na ukimsalimia vizuri, shikamoo mama, unaongezewa mchuzi bila kuomba.

Kiepe nacho kina adabu zake. Zege, yaani chips mayai, ni tamu, silikatai, ila angalia mafuta kwanza, yakiwa meusi kama oili iliyotoka kwenye gari basi pita kama hujamuona. Na usile kila siku, nilikua na rumeti alikula chips mayai muhula mzima akarudi kwao mama yake akamuuliza kama anaumwa.

Jioni tafuta meza ya pweza. Utaiona tu, pweza mwekundu amelala juu ya meza, jamaa ana kisu na bakuli la pilipili, unachoma kipande na kijiti unachovya, unalipia kwa kipande, alafu unapewa supu kwenye kikombe. Kina kaka watakua wanaangaliana na kutabasamu wakikuona, wana hadithi zao kuhusu hiyo supu. Waache. Wewe kunywa, ni supu.

Nataka kumtoa manzi auti, nina elfu ishirini tu, yeye ametaja sinema Mlimani City. (Mkavu wa Uhandisi)

Ishirini ukitoa tiketi mbili na bisi umebaki na nauli, na isitoshe mtakaa gizani masaa mawili bila kuongea, sasa utamjulia wapi? Sinema nzuri kwa watu walioshazoeana.

Mpeleke Coco Beach. Najua utasema kila mtu anaenda Coco, ndio, na kuna sababu. Nendeni saa kumi jioni, jua limepoa kidogo. Nunueni mihogo ya kukaanga, ile inayopasuliwa katikati inawekwa pilipili na kachumbari inakua imeiva ndani kama unga na nje inavunjika, na mishkaki mitatu mitatu, na dafu moja moja. Hapo hata elfu kumi na mbili hujamaliza. Bei uliza kabla hajaanza kukata, sio baada, maana wikiendi wale jamaa wakiona mko wawili na umevaa shati jipya wanajua huwezi kubishana mbele yake. Kuogelea wala msijisumbue, maji yakitoka ni mawe na mwani, kaeni tu mchangani mpige stori.

Mkishiba mtembee Daraja la Tanzanite, lile la baharini kutoka upande wa Coco kwenda Aga Khan, limefunguliwa 2022 na lina urefu wa kilomita moja na kidogo, pembeni kuna njia ya miguu. Upepo ule ni mkali, kama amevaa wigi mtahadharishe mapema, mimi nilinyamaza na nikalaumiwa wiki nzima. Kutembea kule ni bure na ndo mtu anaongea vizuri kuliko popote, kwasababu hamuangaliani usoni mnaangalia bahari.

Sasa sikiliza, saa kumi na mbili na nusu jua limeshazama, hapo muanze kuondoka. Ukisema ngoja kidogo mpaka saa mbili, na hasa Jumapili, utakuta jiji zima linatoka Coco kwa wakati mmoja, gari zinajaa kabla hazijasimama, na ile deti yako nzuri inaisha mkiwa mnasukumana mlangoni kwa konda. Na mwambie ukweli kwamba una ishirini. Akikasirika umejua mapema na bado una chenji.

Tuko wasichana watano, hatunywi, hatupendi makelele, kila Jumamosi tunaishia Mlimani City kuzunguka na kupigwa na kiyoyozi. Tupelekeni sehemu jamani. (Kikundi cha Watano)

Hahaha, ile mall imefunguliwa 2006 na toka hapo imelea vizazi vya wanafunzi wasionunua kitu. Hakuna aibu.

Mkiwa watano mna utajiri ambao hamuujui, vitu vingi Dar ni ghali kwa mtu mmoja na rahisi kwa kundi. Mfano Mbudya. Ni kisiwa cha hifadhi, mnaenda mpaka Kunduchi ndo mnapanda boti, boti mkigawana watano inakua hela ya kawaida. Bebeni vitambulisho ili mlipe kiingilio cha Mtanzania, bebeni maji na chapati zenu, na msisahau kupatana na mwenye boti saa ya kuwarudisha, tena mkubaliane wote mkiwa mnasikia. Maji ya kule ni ya kuona miguu yako, sio kama Coco.

Kama hela ni ndogo kabisa, Kigamboni kwa pantoni. Mia mbili mtu, dakika chache tu maji, lakini mkisimama juu upande wa mbele mnaona Posta yote nyuma yenu na Feri na meli zikiingia bandarini, mimi mpaka leo nikiwa na mawazo napanda pantoni naenda narudi. Ng'ambo mnachukua daladala au bajaji mpaka fukwe, nyingi zina kiingilio na baadhi wanakirudisha kwa soda. Daraja la Nyerere lipo toka 2016, mita 680, ila kwa kutembea nawaambia pantoni ndo raha yenyewe. Mkiwa mnarudi piteni soko la samaki pale Feri, mnachagua samaki, mnampelekea mkaangaji pembeni anawakaangia kwa hela kidogo. Mtanuka samaki mpaka hosteli. Vumilieni.

Na siku ya mvua au ya jua kali nendeni Makumbusho ya Taifa pale Posta karibu na bustani ya mimea. Watu wanacheka nikisema hivi, mnaenda kuangalia mafuvu? Ndio, fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Olduvai 1959 linatunzwa hapo, mlilisoma kwenye vitabu toka shule ya msingi mkakariri tarehe, sasa liko dakika chache kutoka kituo cha mwendokasi na hamjawahi kwenda. Mkitaka vitu vya sasa kuna Nafasi Art Space Mikocheni, wachoraji wanafanya kazi zao pale pale mnawaona, utulivu upo. Hiyo ndo sehemu naona inawafaa ninyi kuliko zote, ila anzeni na pantoni.

SGR kwenda Moro na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana au ni kujitesa? (Msafiri)

Inawezekana sana. Toka treni ianze 2024 nauli ya kawaida ni 13,000 kwenda, kwahiyo 26,000 kwenda na kurudi, na mnafika chini ya masaa mawili wakati basi ukikutana na foleni ya Kimara mpaka Kibaha unaweza kukaa manne au zaidi. Kata tiketi za pande zote mbili siku kadhaa kabla, ya kurudi ndo huwa inakuangusha, wikiendi zinaisha. Stesheni ya Moro haiko katikati ya mji kwahiyo tenga hela ya bajaji. Kule nendeni Rock Garden mkakae kwenye mawe na maji ya mlimani, mle ndizi, muangalie Uluguru, muwahi treni. Wale wanaotaka kupanda mlima na kurudi siku moja, hapana, mtaikosa treni yenu.

Mimi ni binti, nataka kuiona derby ya Simba na Yanga uwanjani, kwenye TV nimechoka. Ni salama? (Mwananchi wa kike)

Jina lako limeshajibu uko upande gani, mimi ni wa upande wa pili lakini nitakua mstaarabu. Klabu moja ni ya 1935 nyingine ya 1936, kwahiyo huo ugomvi ni mkubwa kuliko babu zetu wengine, na Uwanja wa Mkapa unabeba watu elfu 60. Nenda na kundi, kaa na watu wa rangi yako, usije ukakatiza na jezi ya kijani kwenye wekundu ukadhani watakuelewa. Nenda mapema sana, saa nyingi kabla, utakaa juani ndio, beba kofia. Simu iwe mfuko wa mbele na uisahau mpaka mpira uishe.

Kutoka ndo kazi. Watu elfu 60 wote wanataka kupita Temeke kwa wakati mmoja. Mimi siondoki filimbi ikilia, nakaa kwenye kiti changu nusu saa nzima, tukifungwa nakaa zaidi. Kama huko kote unaona ni mbali, anza na mechi ndogo za pale KMC Mwenge, kutoka chuo ni karibu. Na ukishindwa kabisa kuna vibanda umiza, jero au buku unaingia, benchi la mbao, joto, na wachambuzi kumi nyuma yako ambao hawajaalikwa. Sijawahi kuangalia mpira pazuri zaidi ya hapo.

Mitumba Kariakoo au Karume? (Mpenda viwalo)

Karume, asubuhi, wakati mabelo yanafunguliwa. Vaa nguo mbaya ili usionekane una hela. Bei ya kwanza gawa kwa mbili ndo uanze kuongea.

Mimi sipendi kutoka. Rumeti wangu wananiita mshamba. Kuna ubaya gani nikikaa tu? (Mpole wa Bloku)

Hamna ubaya. Ila usikae kitandani na simu masaa nane alafu ukasema unapumzika, hiyo nilifanya mwaka wa pili na nilikua nachoka kuliko mtu aliebeba zege. Ile zege nyingine, ya ujenzi.

Tafuta kijiwe cha kahawa karibu na hosteli. Kikombe kidogo cha kahawa chungu, kashata pembeni, wazee wanacheza drafti kwa visoda, hakuna anaekuuliza unasoma nini wala una GPA ngapi. Salimia, kaa mwishoni mwa benchi, nyamaza. Siku ya tatu mtu atakuuliza, kijana, unaona hapo angekula wapi? Ukijibu umeshakua wa pale. Na kurudi ni kwa miguu.

Jana ngedere kaniibia chapati mbili mkononi kabisa nje ya darasa. Nifanyeje? (Mwenye Njaa)

Chapati hizo zimeenda. Kanunue nyingine ukalie ndani, na usimkodolee macho, huyo amekaa pale chuoni miaka mingi kuliko wewe.