Mtoto akigoma kwenda chuoni: jibu kutoka Philadelphia

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mtoto wako wa miaka 12 amegoma kwenda masomo ya dini. Utamlazimisha au utamwacha?" Swali hilo limenikuta mara mbili maishani, na mara ya kwanza mtoto hakuwa wangu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilisoma chuo cha Kurani mpaka nikahitimu, na sasa ni mwaka wa tisa naishi Philadelphia, Marekani. Miaka sita ya mwanzo nilikuwa mlezi wa watoto katika nyumba ya Wayahudi. Kijana wao mkubwa nilimkuta ana miaka 7. Kila Jumapili asubuhi, na kila Jumatano saa kumi jioni, nilimpeleka yeye na dada yake kwenye shule ya Kiebrania ya sinagogi lao. Masomo yenyewe yalikuwa ya ziada. Mchana watoto wale walisoma shule ya serikali kama wenzao wa mtaani, jioni ndiyo dini, vilevile kama sisi tulivyorudi shuleni, tukala, tukajitanda mitandio, tukakimbilia chuoni.

Siku ya kwanza nilikaa nyuma ya darasa, nikajiona nimerudi nyumbani. Mwalimu anaonyesha herufi, watoto wanaitikia kwa pamoja: alef, bet, gimel. Alifu kwa ujiti yenyewe! Herufi ni 22, zinasomwa kutoka kulia, na irabu ni vinukta na vijistari vinavyowekwa chini au juu ya herufi kama fataha na kisiri zetu. Na maneno je? Shalom ni salamu, nefesh ni nafsi, kever ni kaburi, elef ni elfu, yatom ni yatima. Sisi tumeyapata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa ukoo mmoja. Naomba hilo la yatima mlishike, nitalirudia.

Kijana alipofika 12 akaanza kuandaliwa kwa bar mitzvah. Kwa Wayahudi, mtoto wa kiume akitimiza miaka 13 amri za dini zinakuwa juu yake mwenyewe, hazimhusu tena baba kwa niaba yake. Msichana hufikia hapo akiwa na 12. Katika sinagogi lile mtoto huitwa mbele ya watu asome Torati. Kusoma huko si mchezo. Torati ya sinagogini imeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na haina irabu hata moja wala alama za mahadhi. Mtoto hujifunza irabu na mahadhi kwenye kitabu cha kawaida, akayashika kichwani, ndipo aje kwenye ngozi, akifuatisha mstari kwa kijiti cha fedha chenye ncha mfano wa kidole, maana ngozi ile haiguswi kwa mkono. Pembeni yake anasimama mtu aliyefungua kitabu chenye irabu. Ukikosea neno anakurudisha papo hapo, watu wote wakisikia. Aliyewahi kusomeshwa na maalimu mwenye fimbo anajua tumbo linavyomkata mtoto siku kama hiyo.

Ilipobaki miezi minane kijana akagoma. Jumatano alijifungia chumbani akasema haendi tena. Mama yake alilia. Baba yake akamwambia kupitia mlangoni: "Vumilia mpaka siku yenyewe ipite. Ukishafika 13 hakuna atakayekusumbua."

Maneno yale yaliniuma kuliko mgomo wenyewe. Niliyasikia Tanga nikiwa mdogo: hitimu kwanza, utapumzika baadaye. Wenzangu wangapi walihitimu msahafu wakapikiwa pilau, na wiki iliyofuata chuoni hawakuonekana tena! Na sinagogini kwao nimeyaona hayohayo: darasa la miaka 12 limejaa, la miaka 14 watoto unawahesabu kwa vidole. Tumewaambia sisi wenyewe kwamba hapo ndipo mwisho, nao wametusikiliza.

Jioni nilimpelekea chakula. Sikumuuliza kitu. Akaniambia mwenyewe: "Anti, baba hajui kusoma hata ukurasa mmoja. Ananishusha pale, yeye anakaa kwenye gari na simu."

Aliyeitibu nyumba ile ni babu mzaa mama, ambaye miezi ile alikuwa amekuja kukaa nasi. Hakumhubiria mjukuu wala kumpa ahadi ya zawadi. Kila baada ya chakula cha jioni alikaa kwenye meza ya jikoni, akafungua kitabu, akaliimba fungu la Torati alilopangiwa kijana kwa sauti yake iliyochoka. Alilisoma kwa mahadhi ya zamani, tofauti na aliyofundishwa mjukuu. Siku ya tatu kijana alishindwa kuvumilia, akamsahihisha kutoka ngazini. Babu akasema, "Njoo unionyeshe." Walikaa hapo miezi minane. Baba mtu naye alianza kusogeza kiti. Hakufika mbali, sitasema uongo. Alijifunza zile baraka zinazosomwa kabla na baada ya fungu, mistari michache tu. Lakini mtoto alimwona baba yake akipapasa herufi kama mtoto wa miaka 6, na tangu hapo sikusikia tena neno "kusumbuliwa."

Baadaye mwalimu wa shule ile alinisimulia habari iliyomo katika Talmudi, mkusanyo wa zamani wa mafundisho ya marabi wao, na sijaisahau. Zamani sana kila baba alimfundisha mwanawe. Mwenye baba alisoma, asiye na baba alikosa. Wakaweka walimu Yerusalemu. Bado mwenye baba ndiye aliyepelekwa. Wakaweka walimu mikoani na kuwaingiza vijana wa miaka 16 na 17, na ikawa mwalimu akimkasirikia kijana, kijana anagoma na kuondoka zake. Mnaona? Mgomo tunaouulizana leo ni wa miaka karibu 2000! Mwishowe kuhani mkuu aitwaye Yehoshua ben Gamla akaagiza walimu wawekwe katika kila mji na watoto waanze wakiwa na miaka 6 au 7. Na ikapangwa kwamba mwalimu mmoja awe na watoto 25. Wakifika 40 apewe msaidizi. Chuoni kwetu tulikuwa zaidi ya 60, maalimu mmoja na fimbo moja.

Kwa hiyo shule ya dini ya namna ile ilianzishwa kwa ajili ya yatima. Ilianzishwa ili asiye na baba naye asome. Mimi nasema leo tumewageuza yatima watoto wenye baba na mama walio hai, tunawashusha mlangoni kwa gari, tunalipa ada, tunaondoka. Mtoto wa miaka 12 analiona hilo upesi kuliko sisi.

Dini ya Kiyahudi imeweka sehemu kubwa ya masomo yake mezani pa nyumbani, na hapo ndipo nilipowaonea wivu wa heri. Usiku wa Pasaka mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza: usiku huu una tofauti gani na usiku mwingine wote? Chakula na simulizi ya kutoka Misri ni majibu ya maswali yake. Kipande cha mkate usiotiwa chachu hufichwa, na mlo haumaliziki mpaka kipatikane, kwa hiyo watoto hawalali. Ijumaa jioni wazazi huwawekea watoto mikono kichwani na kuwaombea baraka. Na ile amri ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6, ambayo wao huisoma asubuhi na jioni, inamwambia mzazi awafundishe watoto aketipo nyumbani na atembeapo njiani. Haikusema awatume.

Jirani zetu Uganda wanaujua ukweli huu kwa uchungu. Karibu na Mbale wako Abayudaya, watu waliofuata dini hiyo tangu Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, alipoishika mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku miaka ya 1970, wakabaki mamia machache, wakiswali kwa siri majumbani. Gershom Sizomu alikuwa mtoto wakati huo. Mwaka 2008 alipata daraja la urabi huko Marekani akarudi kuwafundisha watu wake.

Kuna jambo moja zaidi, la akina mama. Mama hawezi kukaa mezani na mwanawe kwa elimu aliyonyimwa. Hapa Philadelphia mwanamke aitwaye Rebecca Gratz alifungua mwaka 1838 shule ya Jumapili kwa watoto wa Kiyahudi, walimu wake wakiwa wanawake. Kule Kraków, Poland, Sarah Schenirer, fundi cherehani, alianza mwaka 1917 kuwafundisha wasichana dini, kwa kuwa kaka zao walisomeshwa na wao waliachwa. Kwetu pia nimeona wasichana wakitolewa chuoni kwenda kulea wadogo zao, kisha miaka 20 baadaye wanalaumiwa kwamba watoto wao hawajui kitu.

Sasa mara ya pili. Binti yangu ana miaka 12 na mwaka jana aligoma kwenda madrasa ya Jumamosi. Nilimuuliza kwanza kama kuna anayempiga au kumdhalilisha, na ninawaomba wazazi wote waanze na swali hilo. Jibu likiwa ndiyo, mtoe siku hiyohiyo. Kwake haikuwa hivyo. Alisema: "Mama, wewe mwenyewe msahafu unaufungua Ramadhani tu." Ilikuwa kweli.

Sikumlazimisha wala sikumwacha. Nilimwambia apumzike madrasa mwezi mmoja, ila kila jioni baada ya magharibi mimi nitasoma mezani, na yeye atakuwa pale na kazi zake za shule. Wiki ya kwanza hakuinua uso. Nilisoma vibaya, maana nilikuwa nimesahau hukumu za tajwidi nilizopigiwa fimbo. Wiki ya pili akaanza kuguna nikikosea. Madrasa amerudi, kwa Jumamosi mbili kati ya nne, nami nimeridhika na mbili hizo. Jana usiku tulikuwa kwenye Surat Yasin. Nilivuta pasipovutwa, akaweka kidole chake kwenye neno akasema, "Hapana mama, rudia." Nikarudia.