Kabla hujalaumu hesabu, ikague kabari

Wimbi la mshtuko, yaani msukumo wa hewa uendao kasi kuliko sauti, likigonga uso ulioinama kama wa kabari, huakisiwa kwa njia kuu mbili. Kabari ikisimama kwa nyuzi 60, wimbi linaloingia na linalorudi hukutana palepale kwenye uso: huo ni mwakisiko wa kawaida. Ilaze hadi nyuzi 30, na wimbi linalorudi linashindwa kuigeuza hewa ikaenda sambamba na uso. Makutano huinuka hewani, na chini yake huota wimbi la tatu, fupi, limesimama juu ya kabari. Hilo ndilo shina la Mach, aliloliripoti Ernst Mach mwaka 1878. Kwa hewa na wimbi lenye nguvu, mpaka kati ya njia hizo mbili uko karibu na nyuzi 50.

Ukitaka kuliona kwa bomba la mshtuko, yaani bomba lililogawanywa na kiwambo chembamba kinachopasuka na kuachia hewa yenye presha, Mach 1.5 (mara 1.5 ya kasi ya sauti) inatosha. Pande zote mbili za kiwambo zikiwa na hewa, unahitaji uwiano wa presha wa 7 kwa 1. Wengi hukosea hapa: geji husoma sifuri kwenye hewa ya kawaida, kwa hiyo ni baa 6 za geji, si 7. Kompresa ya gereji inafika. Mwaga kwanza maji ya kwenye tangi. Kwa unyevu wa Mombasa hayakosekani. Bomba la PVC usiliguse, likipasuka hurusha vipande kama visu. Kiwambo cha plastiki kikwaruze alama ya msalaba kabla ya kukiwamba, kifunguke kama ua badala ya kumwaga vipande juu ya kabari.

Kwenye joto la nyuzi 30, sauti huenda karibu mita 349 kwa sekunde, hivyo wimbi lako huenda mita 524 kwa sekunde. Sensa mbili za presha zilizoachana nusu mita bombani zitapishana milisekunde 0.95. Ukipata 1.1, kiwambo kimepasuka kabla presha haijafika na una Mach 1.3 tu. Ziamini sensa, si geji. Flashi ya kupigia picha nayo isizidi mikrosekunde 1: hata hapo wimbi husogea nusu milimita. Flashi ya milisekunde nzima itakupa ukungu mtupu.

Sasa kabari yenyewe. Chumvi ya pwani hula chuma haraka, na uso wenye kutu huushusha ule mpaka wa nyuzi: utaona mwakisiko wa kawaida kwenye pembe ambayo hesabu inadai shina. Chonga ya aluminiamu, ncha kali, uisugue kwa msasa laini na kuifunika kila baada ya kazi. Hata iking'aa, hewa inayonata usoni itaushusha mpaka huo nyuzi chache.

Shina huanzia sifuri kwenye ncha na kukua kadiri wimbi linavyopanda, kwa hiyo karibu na mpaka piga picha wimbi likiwa juu kabisa ya kabari. Kisha tia alama makutano kwenye picha tatu na uziunge alama hizo kwa rula. Mstari unapaswa kupita nchani. Ukikata uso mbele ya ncha, shina limechelewa: ncha ni butu, au msasa unahitajika tena.