Maswali ya Wasomaji: Hesabu Mapipa, Usihesabu Vichwa

SWALI: Assalamu aleikum. Nina cheti cha kidato cha nne, nakaa Likoni, Mombasa. Natamani kazi ya kuelimisha watu mitaani juu ya afya. Nianzie wapi, na je, italipa kodi ya nyumba?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Iko milango miwili. Wa kwanza ni kuwa mhamasishaji wa afya ya jamii. Wakaazi wenyewe hukuchagua barazani, ukapewa kaya kama 100 za mtaani kwako. Posho iliyowekwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Hiyo haibebi kodi, kwa hivyo usiache kibarua ulicho nacho. Mlango wa pili ni chuo. Afisa wa afya ya umma sharti asajiliwe na baraza la taaluma hiyo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kabla ya kulipa karo, liulize baraza hilo, si chuo, kama kozi yenyewe inatambuliwa.

SWALI: Mimi ni mhamasishaji, Kisauni. Tumefanya vikao vitatu juu ya mbu anayeeneza homa za chikungunya na dengi. Watu hujaa na kuitikia, lakini nikipita majumbani mapipa yako wazi vile vile. Wengine hunijibu, "Sisi twalala ndani ya chandarua." Nakosea wapi?

JIBU: Dada, tunadhani kosa liko kwenye ujumbe kabla ya kuwa kwa watu. Ukimwambia mama amwage maji yaliyotuama, na maji hayo kayanunua kwa mtungi kutoka mkokoteni kwa sababu mfereji umekauka, umeshampoteza. Mwambie ayafunike. Kitambaa kizito kilichofungwa mdomoni mwa pipa kwa ukanda wa mpira wa tyubu chatosha, mradi pasibaki upenyo. Kifuniko cha bati kilichopinda hakisaidii.

Halafu kuna jambo ambalo vikao vingi husahau. Mbu huyu, Aedes aegypti, hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yanaweza kukaa makavu kwa miezi na bado yakaangua maji yakiyafikia. Ndiyo maana aliyemwaga na kujaza tena huona viluwiluwi, yaani watoto wa mbu majini, wamerudi, akasema mafunzo yako ni ya uongo. Pipa likiisha maji lisuguliwe kwa brashi ukutani, mara moja kwa wiki, kwani kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10.

Kuhusu chandarua, usikibeze, kinakinga malaria. Eleza tu kwamba mbu huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya magharibi. Mtoto anayelala mchana naye atandiwe.

Punguza vikao, piga hodi. Beba tochi na bakuli jeupe, chota maji ya pipa mbele ya mwenye nyumba, na umwache awaone viluwiluwi wakipinda-pinda mwenyewe. Ujumbe uwe mmoja kwa ziara. Kabla ya kuaga muulize, "Jirani akikuuliza, utamwambiaje?" Akikwama, rudia wewe, hukueleza vizuri. Wanaume wafuate maskani jioni, na Ijumaa adhuhuri usimsumbue mtu.

Rudi baada ya siku 7 na uhesabu. Nyumba 30 ulizokagua, 12 zikiwa na viluwiluwi, ni asilimia 40. Andika tarehe, nyumba na aina ya chombo: pipa, tairi, sahani ya maua. Wiki ya nne kagua nyumba zile zile. Idadi ikigoma kushuka, tazama ni chombo gani kinachojirudia. Mara nyingi ni kile ambacho hakuna anayejiona mwenyewe wake, kama tangi la plotini au tairi nyuma ya gereji. Hapo ongea na mwenye ploti na mzee wa mtaa.

Na ukikuta mwenye homa na maumivu ya viungo, mzuie asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla dengi haijaondolewa shaka, maana huzidisha hatari ya kutokwa damu. Anywe parasetamoli kwa kipimo na maji mengi. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.