Chipukizi wa Jukwaani, Kiacheni Kimya Kifanye Kazi Yake

Juzi usiku nilikaa safu ya nyuma ukumbini Tononoka, Mombasa, nikiwatazama chipukizi wanne wa uchekeshaji, na wote wanne, mara tu walipofikisha kichekesho kileleni, wakaanza kukieleza kabla watu hawajavuta pumzi. Niliumia, kwa kuwa ninawapenda, na kwa kuwa haraka hiyo imenigharimu kabla yenu.

1. Kimya hubeba kile tu mlichokipakia mapema. Mwaka 1948, mchekeshaji Jack Benny, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewazoesha wasikilizaji wa redio Marekani kumjua kama bahili, aliigiza akikabwa na mwizi anayemtaka achague: fedha au uhai. Hakujibu, na watu wakaangua kicheko ndani ya kimya kile, maana walijua anapiga hesabu gani. Angekuwa mtu wasiyemjua, wangedhani mitambo imeharibika. Bibi zetu wa Mji wa Kale hawakuhitaji redio: tukishaitikia "Tega!", walitega kitendawili wakatulia, na mji hawakuudai mpaka tuhangaike kwanza.

2. Hesabuni hadi tatu kimoyomoyo, na miguu isitembee.

3. Si kila kimya cha jukwaani ni chenu. Sisi tuliolelewa tukijua kwamba bikira akiulizwa na walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, kama anaikubali posa, akanyamaza, huhesabiwa ameridhia, hatuna udhuru wa kukiona kimya cha mtu kuwa pengo la kuzibwa. Mimi nilikiziba. Nikisherehesha harusi Kisauni, nilimwuliza mzee mmoja wa safu ya mbele kama anaikumbuka siku aliyomwoa mkewe. Akanitazama, akanyamaza. Zilipita sekunde mbili, pengine tatu, nikaogopa ukumbi utapoa, nikasema, "Jamani, mzee ameshamsahau, mleteeni picha!" Watu walicheka, nami nikafurahia kicheko kile hadi nilipomwona binti yake ameinama akimshika mkono. Mkewe alikuwa amezikwa Ramadhani iliyopita. Mzee alikuwa akitafuta maneno ya kumtaja mbele ya watu, nami nikamnyang'anya nafasi. Baada ya dua nilimwendea kumwomba radhi. Aliniambia, "Ungeningoja kidogo, mwanangu, ningesema."

Tangu usiku ule, nikishamwuliza mtu swali mbele ya hadhara, hukishusha kipaza sauti hadi kiunoni, na hukirudisha mdomoni yeye akishamaliza.